Msimamizi Asiyekuwapo

Ipo nchi inaitwa Utulivuni. Msomaji asisumbuke kuitafuta kwenye ramani, na akihisi kwamba amewahi kupita huko, basi amechanganya, maana nchi zenye barabara mbovu na hotuba nzuri ni nyingi. Utulivuni ni nchi changa kidemokrasia. Imekuwa changa kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, na wakubwa wake wanaitunza vizuri isije ikakua ovyo.

Hapo mwanzo ilikuwa na chama kimoja, Chama cha Shukrani. Wafadhili wakashauri vyama viwe vingi, vikawa vingi, na Chama cha Shukrani kikaendelea kushinda kama vile hakuna kilichotokea. Wanachama wake wakikutana njiani mmoja husema, "Tunashukuru," na mwenzake huitikia, "Tena sana." Upande wa pili kulikuwa na Chama cha Maswali, ambacho hakikuwa na salamu yoyote ya maana. Wao wakikutana huulizana habari za nyumbani.

Katika nchi hiyo, Kata ya Mitunduruni, alikuwapo mtendaji wa kata aitwaye Onesmo Kihwele. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri, aliyekaa kijiweni miaka mingi baada ya masomo kabla serikali haijamkumbuka. Kwa hiyo alipoipata kazi aliishika kama mtu aliyedaka yai hewani. Alioa binti wa hapo hapo kijijini, Verdiana, na kwa kumwoa Verdiana akampata mama mkwe, Bi Pelagia Nyenza, mkulima wa nyanya na kiongozi wa kina mama wa kikundi cha kuzikana.

Mila za watu wa Mitunduruni kuhusu mtu na mkwewe zina pande mbili. Upande wa kwanza, mwanamume hakai na mama mkwe wake uso kwa uso. Wakikutana njiani, yeye huingia majanini na kutazama pembeni mpaka mama apite. Upande wa pili, kitu chochote ambacho mama mkwe amekitoa kwa mkono wake, mkwe hawezi kukikataa. Akikataa, ameikataa na ndoa. Onesmo aliziheshimu pande zote mbili, na kwa miaka mitano hakupata taabu, maana Bi Pelagia alichokuwa akimpa ni nyanya tu.

Taabu ilianza pale Bi Pelagia alipotangaza kwamba anagombea udiwani kwa tiketi ya Chama cha Maswali.

Sababu yake ilikuwa Mto Ruhoyo. Mto huo unaikata kata katikati, na zahanati iko ng'ambo. Masika yaliyopita Verdiana alishikwa na uchungu wakati mto umefura. Wanaume wanne walimvusha mabegani, maji yakiwafika kifuani. Walipofika ng'ambo, Verdiana alikuwa hai na mtoto hakuwa hai. Onesmo alikuwa mmoja wa wale wanne. Kwa mujibu wa taarifa ya wilaya, daraja la Ruhoyo lilishajengwa, likakaguliwa na kufunguliwa. Lilikosekana mtoni tu.

Diwani wa Mitunduruni, Mheshimiwa Hemedi Kitwana wa Chama cha Shukrani, alikuwa amekaa kwenye kiti vipindi vitatu bila kupata kura hata moja. Si kwamba alichukiwa. Hakuwahi kupigiwa. Mara zote tatu alipita bila kupingwa, kwa kuwa wapinzani wake walikosa sifa. Mmoja aliandika kazi yake kuwa ni mkulima, ikaonekana shamba lake lina magugu. Mwingine aliandika jina la chama kwa kifupi, akaambiwa hakuna chama kifupi namna hiyo. Wa tatu alijaza kila kitu sawasawa, jambo lililotia mashaka, naye akaondolewa kwa ajili ya uchunguzi.

*

Wiki chache kabla ya kurejesha fomu, watendaji wote waliitwa wilayani kwenye semina, kwa kuwa ndio watakaokuwa wasimamizi wa uchaguzi katika kata zao. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alikuja mwenyewe kutoka makao makuu. Ili haki ionekane, vyama vya upinzani navyo vilialikwa kueleza wasiwasi wao kabla ya chai.

Msemaji wa Chama cha Maswali alisimama akaeleza. Alisema makamishna wote wa Tume wameteuliwa na Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama kimoja kati ya vyama vinavyoshindana. Alisema wasimamizi ni waajiriwa wa mtu huyo huyo. Alisema uchaguzi uliopita wagombea wake walizikuta ofisi zimefungwa siku ya kurejesha fomu, mahali pengine zikiwa zimehama kabisa, meza na kila kitu. Aliongea kwa adabu na kwa mifano, akashukuru kusikilizwa, akaketi.

Mwenyekiti wa Tume alinyanyuka taratibu, akarekebisha tai.

"Tume hii ni huru," alisema. "Iko huru kiasi kwamba hata malalamiko hayawezi kuiingilia. Hata hivyo, wasiwasi wenu tumeupokea kwa mikono miwili. Na mtu ambaye mikono yake yote miwili imejaa, ndugu zangu, msimlaumu akishindwa kupokea kitu kingine."

Watu walipiga makofi. Wapinzani wakaongozwa kwenda kunywa chai katika jengo la upande wa pili, na mlango ulipofungwa semina yenyewe ikaanza.

Mtoa mada alikuwa Mkurugenzi wa Wilaya, Daktari Ephata Sanyiwa, ambaye udaktari wake aliupata kwenye mahafali yale yale walikoupata mkuu wa wilaya na mfadhili wa karamu. Mada iliitwa Utaalamu wa Kutokuwapo. Aliwaeleza kwamba sheria inamtaka mgombea aikabidhi fomu mkononi mwa msimamizi, na kwamba sheria hiyo hiyo, kwa hekima yake, haikusema msimamizi awe wapi. Aliwafundisha lugha. Ofisi ya serikali haifungwi, inapumzika. Msimamizi hakimbii, anahamia kikazi. Msimamizi hajifichi, anatunza siri za serikali, siri yenyewe ikiwa ni mahali alipo. Kila msimamizi angelipwa posho ya kutokuwapo kituoni, na angetembea na muhuri wa kata mfukoni ili mtu mwingine asije akawapo kwa niaba yake.

Onesmo alinyanyua mkono, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mgombea wa upinzani katika kata yake ni mama mkwe wake, na akaomba apangiwe kata nyingine. Daktari Ephata alifurahi sana. Akawaambia wote wamtazame Onesmo, kwa kuwa huyo ndiye msimamizi aliyeandaliwa na Mungu. Mila zinamkataza kuonana na mgombea, na serikali ya Utulivuni inaheshimu mila. Ule upande wa pili wa mila Onesmo hakuutaja. Hakuulizwa, na yai alikuwa bado amelishika.

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe kwamba kwa siku kadhaa atakuwa na kazi za nje. Verdiana aliendelea kuchambua mboga.

"Nje wapi?" aliuliza.

"Sijaelekezwa."

"Basi mama atakupata," alisema Verdiana. "Yeye hata kuku wa kutaga porini humpata." Baada ya hapo hakuongea naye tena jioni ile, wala kesho yake.

*

Siku ya kwanza ya kurejesha fomu, Mheshimiwa Kitwana alirejesha yake. Haikumchosha, maana Onesmo alielekezwa aifuate nyumbani kwake na kuisubiri wakati mheshimiwa anaoga. Baada ya hapo kukatundikwa mlangoni pa ofisi kibao kilichosema NIMETOKA KIDOGO, na Onesmo akaanza kutokuwapo.

Alianzia zahanati. Muuguzi, ambaye mumewe alikuwa mtu wa Shukrani, alimlaza kwenye kitanda cha mwisho akamfunika shuka mpaka kichwani. Alikaa vizuri mpaka karibu saa sita. Ndipo aliposikia sauti za kina mama wa kikundi cha kuzikana, ambao siku hiyo ya wiki huwapelekea wagonjwa uji. Bi Pelagia alikuwa anapita kitanda kwa kitanda akiwapa pole. Alipokifikia kitanda cha mwisho na kuona mgonjwa amefunikwa gubigubi, alisimama akamwombea marehemu dua ndefu. Onesmo alibana pumzi hadi "amina", na walipotoka kwenda kumwita mchungaji, akapitia dirishani.

Siku iliyofuata alikwenda mbali zaidi, kata ya jirani, akakuta msiba. Alifikiri hapo ndipo penyewe, kwa kuwa mtu hatafutwi matangani. Alikaa nyuma ya wanaume, akainamisha kichwa. Kosa lake lilikuwa shati jeupe na kalamu mfukoni. Wafiwa walimdhania ndugu wa mjini aliyekuwa akisubiriwa, wakamwomba aseme neno kwa niaba ya ukoo. Alikataa, wakaona ni uchungu. Wakamwinua.

Onesmo hakumjua marehemu, hakujua hata kama ni mwanamume au mwanamke. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Umati ukaguna kwa kukubali. Akasema aliondoka wakati bado tunamhitaji. Mjane akaanza kulia upya. Onesmo alikuwa ameanza kuiamini hotuba yake mwenyewe pale alipoona kina mama wa Mitunduruni wanaingia uani wakiimba wimbo wa maombolezo, na mbele yao Bi Pelagia, fomu ikiwa imekunjwa na kufungwa kwenye pindo la kanga. Akawaomba waombolezaji wote wafumbe macho kwa sala ya mwisho. Walipoyafumbua, ndugu wa mjini hakuwapo, na mpaka leo ukoo ule unasimulia kwamba lilikuwa jambo la kiroho.

Ilibaki siku ya mwisho. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa kumi jioni. Daktari Ephata alipiga simu asubuhi akamwambia taifa zima linamtegemea asionekane. Onesmo aliwaza mahali pote katika kata, akaona hapajabaki pa kujificha isipokuwa mahali pamoja tu. Nyumba ambayo Bi Pelagia hatakwenda kumtafuta ni ile aliyotoka kwenda kumtafuta. Akavizia mama alipoondoka, akaingia kwa mama mkwe wake.

Baba mkwe, Mzee Siprian, alikuwa kibarazani anatengeneza baiskeli ya watu. Alikuwa na kadi ya Chama cha Shukrani, aliyopewa pamoja na kilo ya sukari, na sukari ilikwisha zamani. Aliweka spana chini akamtazama mkwewe.

"Umekuja kama Onesmo au kama serikali?" aliuliza.

Onesmo alisema amekuja kama mtu aliyechoka. Mzee akamwonyesha chumba cha kuwekea mahindi, kilichotenganishwa na ua wa nyuma kwa mlango wa mabati, akarudi kwenye baiskeli yake. Aliona hayamhusu.

Katikati ya mchana Bi Pelagia alirejea. Onesmo alimsikia akivuta kigoda uani, akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, halafu pumzi ndefu ya mtu anayetumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi. Mumewe alimuuliza kama amefanikiwa. Akasema hajafanikiwa. Alifika ofisini, akafika kwa Verdiana, akafika hadi ghala la mbolea, na kila alipofika msimamizi alikuwa ametoka kidogo.

Onesmo alingojea matusi. Aliyataka, kwa kweli, maana mtu akitukanwa hujiona wamelipana. Bi Pelagia hakutukana.

"Yule kijana ni mtu mzuri, wamemtuma tu," alisema. "Ninachohofia ni Verdiana. Kakaa kimya siku zote hizi, atakuja kumwondokea mwenzake kwa ajili yangu. Ukimwona, mwambie mama kasema asigombane na mumewe. Udiwani utakuja mwaka mwingine. Mume kama yule, aliyeingia mtoni na nguo zake zote, hatampata mwaka mwingine."

Mle ndani, kati ya magunia, Onesmo aliinuka akasimama. Tangu masika yale hakuna mtu aliyekuwa ameutaja mto mbele yake. Yeye mwenyewe alipoandika taarifa ya mwaka, alinakili sentensi ile ya wilaya, kwamba daraja linatumika vizuri na wananchi wanashukuru. Alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri.

Akausukuma mlango wa mabati, akatoka kinyumenyume kama mila inavyotaka, mgongo kwa mama mkwe na uso kwenye ukuta, kisha akanyoosha mikono yote miwili nyuma yake na kuifumbua.

Halafu akasikia miguu ikitoka kwenye maji, na fundo la kanga likifunguliwa.

"Pokea, mkwe wangu," alisema Bi Pelagia.

Akapokea. Hakukuwa na namna nyingine, ndoa ilikuwa mkononi mwake. Akatoa muhuri mfukoni, akaupuliza, akaigonga fomu pamoja na nakala yake juu ya tandiko la baiskeli ya watu, akaandika saa na tarehe. Saa kumi ilikuwa bado sana. Jioni ile Verdiana alimwekea chakula mezani akakaa naye mpaka akamaliza.

*

Matokeo ya uteuzi yalipoletwa kutoka wilayani na kubandikwa, Mitunduruni ilikuwa na mgombea mmoja, Mheshimiwa Hemedi Kitwana, aliyepita bila kupingwa. Bi Pelagia akakata rufaa wilayani. Kamati ya rufaa ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti wake alikuwa Daktari Ephata, katibu alikuwa Daktari Ephata kwa kofia nyingine, na mjumbe wa tatu alikuwa mzee mmoja aliyeletwa kuwakilisha jamii na ambaye muda wote alisinzia kwa heshima.

Bi Pelagia alionyesha nakala yake yenye muhuri. Daktari Ephata aliikagua pande zote mbili, akausifia mwandiko. Kisha akasoma uamuzi, ambao ulikuwa umechapwa tangu jana yake. Ulisema kwamba kwa mujibu wa hati za malipo, msimamizi wa Mitunduruni alilipwa posho ya kutokuwapo hadi saa kumi ya siku ile, na aliisaini. Serikali haiwezi kumlipa mtu kwa kutokuwapo, kisha ikakubali kwamba alikuwapo. Huo ungekuwa ubadhirifu. Kwa hiyo fomu haikupokelewa, maana aliyeipokea hakuwapo.

Onesmo alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alisimama. Alisema yeye ndiye msimamizi, fomu aliipokea kwa mikono yake, na posho yupo tayari kuirudisha.

Daktari Ephata alitazama juu ya kichwa chake, kwenye dirisha. "Naomba kumbukumbu zionyeshe," alimwambia katibu, yaani alijiambia mwenyewe, "kwamba kumesikika sauti ukumbini."

"Sasa mimi nilimpa nani?" aliuliza Bi Pelagia.

"Hilo, mama, ni suala la imani," alisema Daktari Ephata kwa upole. "Na serikali haina dini."

Mzee wa kuwakilisha jamii aliamshwa, akakubali.

Njiani kurudi, Onesmo alitembea nyuma sana, kama mila inavyotaka. Alitaka kusema pole na hakujua mtu anaisemaje kwa mgongo wa mkwewe. Wapenzi wa Chama cha Maswali walitaka kwenda kuchoma ofisi ya kata. Bi Pelagia aliwaambia ofisi ile haina kosa, hata nayo haijawahi kumwona mtu. Akawaambia wasubiri siku ya uchaguzi, na waje wakiwa wamekula.

*

Siku ya kupiga kura za udiwani, vituo vya Mitunduruni havikufunguliwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kupigiwa. Lakini asubuhi mapema watu walianza kupanga mstari mbele ya shule ya msingi. Bi Pelagia alikuwa wa kwanza. Nyuma yake wakaja kina mama wa kikundi, wakaja wakulima wa nyanya, akaja Mzee Siprian na kadi yake ya Shukrani mfukoni. Hawakuimba, hawakubeba bango. Kila mmoja alikuwa na kitambulisho chake mkononi. Onesmo alikuja na Verdiana, wakaunga mwisho, na mwisho huo ulikuwa umeshafika barabarani.

Waangalizi kutoka nje walipita na gari lao. Walikuwa wamezunguka wilaya nzima bila kuuona mstari wa maana, na huu uliwafurahisha sana. Wakaupiga picha, wakaandika kwamba mwitikio ni mkubwa na utulivu ni wa kuigwa, wakaondoka kuwahi chakula cha mchana bila kuingia ndani ya chumba cha kupigia kura.

Mchana akaja Mheshimiwa Kitwana, aliyesikia watu wamekusanyika akadhani wamekuja kumpongeza. Alielezwa kwamba ni mstari wa kupiga kura. Alisimama pale akiutazama mstari, shanga za jasho usoni, kwa namna ya mtu anayetazama ngoma ya jirani.

"Sijawahi kuliona hili," alimwambia Onesmo kwa sauti ndogo. "Wajukuu huniuliza nilipata kura ngapi. Huwa nawaambia nyingi." Akasogea, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Hakuna aliyemfukuza.

Saa kumi ikafika na polisi wakafika nayo. Mkuu wao, Afande Rehani, alikuwa mtu muungwana asiyependa kutoka jasho. Aliwaambia wananchi kwamba muda umekwisha na hapakuwa na uchaguzi, hivyo watawanyike. Bi Pelagia akamwomba kwa adabu amkumbushe sheria inasemaje. Afande aliijua, alifundishwa kwenye semina yao. Mtu aliyekutwa na saa kumi akiwa mstarini hawezi kuondolewa mpaka apige kura, na mwenye mamlaka ya kuufunga mstari ni msimamizi wa kata peke yake.

"Msimamizi yuko wapi?" aliuliza Afande.

Watu wote wakageuka. Onesmo alijitokeza mstarini. Afande akafurahi, akamwomba aufunge mstari ili kila mtu akapumzike.

Onesmo aliwatazama wale watu. Alimwona Verdiana, aliyekuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. "Mstari ni halali," alisema. "Siufungi."

Afande Rehani akampigia simu Daktari Ephata, akaelezwa kwamba Onesmo si lolote na wala hayupo. Afande akauliza, kama hayupo, nani aufunge? Daktari akasema basi yupo, na kwa hiyo afukuzwe kazi papo hapo. Afande, ambaye alikuwa na kipaji cha kunyoosha mambo, akauliza kama yupo leo, na barua ya uteuzi ni ile ile, je, siku ile ya fomu hakuwapo vipi? Mwishowe Daktari akasema mtandao unasumbua.

Mstari ukalala pale. Watu walipeana zamu, mmoja akienda kukamua ng'ombe mwingine anamshikia nafasi. Siku ya pili ikapita, na ya tatu. Magazeti ya nchi jirani yakaanza kuuliza ni uchaguzi gani huu wa Utulivuni usiokwisha. Makao makuu Tume ikakaa kikao cha dharura. Wakikubali msimamizi alikuwapo, fomu ilipokelewa, na uchaguzi ufanyike. Wakikataa, mstari hauna wa kuufunga, na utakaa hadi uchaguzi ujao. Wanasheria walitokwa jasho. Hatimaye kijana mmoja wa idara ya ramani akapata ufumbuzi, naye amepandishwa cheo tangu hapo.

Tangazo lilisomwa redioni saa ya habari. Baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kwamba Kata ya Mitunduruni haipo. Ilikuwa ni kosa la uchapaji. Kwa kuwa kata haipo, hapakuwa na uchaguzi, hapakuwa na fomu, wala mstari. Wananchi waliokuwa wakidhani wanaishi huko walitakiwa kuendelea na shughuli zao kwa utulivu.

Afande Rehani aliwasomea tangazo hilo, akawapigia saluti akaondoka, kwa kuwa hakuwa na amri ya kulinda mahali pasipokuwapo. Watu waliangaliana. Wengine walicheka, wengine waliona uchungu, kwa sababu makaburi ya wazee wao yalikuwa pale pale. Bi Pelagia alikaa chini kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu na kusema turudi nyumbani, kama bado tunazo.

Mshahara wa Onesmo ukakatwa tangu mwezi ule. Akalima nyanya na mkewe, na ikaonekana ana mkono mzuri. Mheshimiwa Kitwana yeye alibaki diwani, maana yeye alishapita, na aliyepita amepita. Ni diwani wa kata isiyokuwapo, mjumbe wa kamati ya barabara, na anapokea posho zake kwa ukamilifu, ingawa inasemekana siku hizi hucheka kwa shida.

Mazao yalipoiva, gari la halmashauri likaja sokoni na mtoza ushuru, mtu mgeni, mnene, na mashine yake ya kutolea risiti. Akaanzia meza ya Bi Pelagia. Mama akamkaribisha kigoda, akamuuliza ushuru ni wa kata gani. Mtoza ushuru akabonyeza mashine atafute. Akabonyeza tena. Akaitikisa, akaipiga na kiganja, akainua uso.

"Mama, hapa pana shida. Mashine haiwaoni."

"Shida si yako, baba," alisema Bi Pelagia, akamchagulia nyanya mbili nzuri za njiani. "Nenda ukawaambie waturudishe kwanza. Wakishaturudisha, tutalipa, halafu tutachagua. Waambie viwili hivyo vinakuja pamoja."

Mtoza ushuru alizipeleka salamu hizo kama alivyopewa. Tunavyoandika haya, kikao cha makao makuu bado kinaendelea, wakubwa wakipima kipi ni hasara zaidi, kata bila ushuru au kata yenye kura. Chai imeshaletwa mara nyingi. Sisi wengine tunawaombea tu wasiharakishe wakakosea.